Deni la Rangi ya Chini

Liko swali moja ambalo sisi walimu huulizwa mara kwa mara na vijana waliomaliza shule wakaingia katika kazi za mikono. Swali lenyewe ni hili: Je, mtu ana deni la kufanya kazi ambayo hapana atakayeiona, wala hapana atakayeidai? Laonekana kuwa swali jepesi. Wengi hulijibu upesi kwa kusema ndiyo, kisha hurudi kazini na kutenda kinyume cha jibu lao. Kwa hiyo yafaa tulitazame polepole. Na ili maneno yetu yasielee hewani, tutalitazama katika kazi moja ndogo ifanywayo kwetu Moshi, yaani kazi ya kupaka rangi vinyago vidogo.

Kila aliyeshuka mjini amewaona mafundi na wachuuzi wa vinyago. Wageni wajao kuupanda Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, au kuwatazama wanyama mbugani, hupenda kurudi kwao na ukumbusho usiokuwa mzito. Huyu hununua twiga wa kimo cha shibiri moja, yule simba aenea katika kiganja, na mwingine gari dogo la bati mfano wa yale ambayo watoto wetu hujitengenezea. Vitu hivi ni mifano: kikubwa kimefanywa kidogo, kipate kuingia katika mkoba wa msafiri. Vingine huachwa na sura ya mti wenyewe, na vingine hupakwa rangi, twiga apate madoa yake na pundamilia mistari yake. Hivi vya rangi ndivyo tutakavyovizungumza.

Mti, hata baada ya kukatwa na kuchongwa, hunywa unyevu wa hewa na kuutoa tena. Wakati wa masika huvimba kidogo, na wakati wa kiangazi hunywea. Tena uso wake una vitundu vidogo visivyohesabika. Ukiupaka rangi nzuri papo hapo, vitundu huinywa, mahali pengine sana na mahali pengine kidogo, na mnyama hutoka na mabaka ambayo Muumba hakumpa. Tena miti mingine ina utomvu, nao hupenya na kuitia rangi doa. Kwa sababu hizo fundi ajuaye kazi yake hakimbilii rangi ya madoa na mistari. Kwanza hungoja mti ukauke. Kisha huusugua kwa msasa, na kuufuta vumbi. Ndipo hupaka rangi ya kwanza, nyembamba, isiyong'aa, nyeupe au ya kijivu au nyeusi, akaiacha ikauke barabara. Baadaye huipitishia msasa laini, na hapo ndipo rangi za kupendeza hufuata.

Rangi hiyo ya kwanza mafundi huiita praima. Sisi hapa tutaiita rangi ya chini. Kazi zake ni tatu. Kwanza, huziba vitundu, rangi ya juu isinywewe. Pili, hushikamanisha: kwa upande mmoja huushika mti, na kwa upande wa pili hushikwa na rangi ya juu. Tatu, huufanya uso wote kuwa wa namna moja, rangi za juu zipate kuonekana jinsi zilivyo. Juu ya weupe rangi hung'aa zaidi. Juu ya weusi mikunjo na mashimo hubaki na kivuli chake.

Kwa gari la bati ni vivyo hivyo, ila sababu zake ni nyingine. Bati lina mafuta ya kiwandani na ya mikono, nayo hayana budi kuoshwa kwa sabuni. Tena bati jipya lililotiwa zinki huikataa rangi ya mafuta, kwani zinki na mafuta ya rangi hufanya kitu mfano wa sabuni katikati yao, na baada ya muda rangi huambuka kama ganda. Bila rangi ya chini inayolifaa bati la namna hiyo, kazi yote ya juu ni ya bure.

Wala mambo haya si mapya. Mwitalia mmoja, jina lake Cennino Cennini, aliandika kitabu cha ufundi wa rangi yapata mwaka 1400, na ndani yake alieleza kwa urefu jinsi ya kuutayarisha ubao kwa gundi ya ngozi na unga mweupe wa plasta, tabaka juu ya tabaka, kabla fundi hajathubutu kuchora sura ya mtu. Na leo huko Ulaya na Marekani wako watu wazima wapendao kupaka rangi askari wadogo wa plastiki au wa madini, wenye kimo kama cha kidole gumba. Hao nao huviosha kwanza vitu vyao, na kuvipaka rangi ya chini, na hubishana sana iwe nyeusi au nyeupe. Kumbe mafundi wa zamani na wa sasa, wa mbali na wa karibu, wamekubaliana katika jambo hili, ya kuwa rangi ionekanayo haikai peke yake.

Sasa na tuwaze mafundi wawili. Wote wawili wamechonga twiga, na mikono yao ni sawa kwa ustadi. Wa kwanza amepaka rangi ya chini, akangoja siku nzima ikauke. Wa pili amepaka madoa juu ya mti mtupu, akaupeleka mezani jioni ile ile. Mezani twiga wote wawili wang'aa, na jicho la mnunuzi halitambui tofauti. Bei ni ile ile. Mgeni anunua, na baada ya siku mbili yumo ndani ya ndege. Miezi sita ikipita, katika nyumba iliyopashwa moto wakati wa baridi, ambamo hewa ni kavu sana, mti wanywea, na rangi ya yule twiga wa pili yaanza kupasuka shingoni na kuanguka kama magamba. Mgeni hajui jina la fundi wala hatarudi Moshi. Hapana mashitaka wala hakimu. Je, fundi wa pili amekosa nini?

Wako wasemao hakukosa neno. Husema: Mnunuzi alikitazama kitu, akakipenda, akalipa kwa hiari yake, alichokiona ndicho alichopewa. Jawabu hili lina sura ya haki, lakini tukilichungua halisimami. Anunuaye jembe hanunui mng'aro wake wa dukani, bali misimu ya kulima. Anunuaye paa la bati hanunui siku ya jua aliyolichagua, bali usiku wa mvua zijazo. Vivyo hivyo anunuaye kinyago kilichopakwa rangi, bei yake imezihesabu siku zijazo. Na rangi yenyewe ni kama neno. Mtu akipaka kitu rangi, amesema mbele ya watu: kitu hiki kimekwisha, kimetengenezwa kikae. Basi aliyeipaka mahali isipoweza kushika, amesema neno lisilo kweli, ijapokuwa hakufungua kinywa. Nabii Ezekieli aliwakemea zamani wale waliopaka chokaa juu ya ukuta dhaifu, ili watu waudhani kuwa imara. Chokaa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kile ambacho chokaa ilikisema juu ya ukuta.

Wengine husema: Hata hivyo, nani aliyeumia? Mgeni ni tajiri, kitu ni kidogo, naye atakitupa na kukisahau. Hapa twawaomba wasomaji wetu wafikiri habari za kahawa, maana hizo twazijua wote. Mkulima huchuma, humenya, huchachua, huosha na kuanika nyumbani kwake, wala hapana amwonaye saa zote. Akichanganya buni mbichi na mbivu, au akiiacha kahawa ichachuke kupita kiasi, gamba la nje laweza kuificha dosari. Kisha hupeleka kwa chama, na kahawa yake humiminwa pamoja na ya jirani zake. Tangu hapo haina jina lake tena. Ina jina la chama na la mlima. Lakini mwonjaji akiitia katika kikombe, punje chache zilizoharibika huweza kukitia kikombe kizima ladha mbaya, na bei hupunguzwa kwa wote. Wakulima wa mlima huu walijiunga katika chama chao cha kwanza mwaka 1925, na baada yake ikaja KNCU mwanzoni mwa miaka ya 1930. Tangu zamani hizo wamejua ya kuwa jina zuri ni mali ya shirika, na mwizi wa jina hilo huwaibia majirani kabla ya kumwibia mgeni.

Kwa vinyago mambo ni yayo hayo. Yule mgeni hatasema, fundi fulani alinipunja, kwa maana hamjui. Atasema, vitu vya Moshi havikai. Na mwenzake atakapokuja mwaka wa pili, atapita mbele ya meza ya fundi wa kwanza, yule aliyengoja siku nzima, asinunue kitu. Hasara imemwangukia asiye na hatia.

Na jina hilo la kazi si kitu cha siku moja. Hapo jirani, katika Ukambani nchini Kenya, biashara kubwa ya vinyago hutajwa kuwa ilianzishwa na mtu mmoja wa Wamunyu, Mutisya Munge, ambaye wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, ya miaka 1914 mpaka 1918, alifika Tanganyika, akajifunza uchongaji kwa Wazaramo, akarudi nao kwao. Kutoka mikononi mwake watu maelfu wamepata riziki. Ikiwa mkono wa mtu mmoja waweza kufungua mlango wa namna hii, mikono ya wachache wasiojali yaweza kuufunga.

Hata sasa tumenena juu ya hasara. Lakini twadhani wajibu hautokani na hasara peke yake, kwa maana zaweza kutokea siku ambazo hapana hasara hata kidogo. Wazee wetu wa mlimani walichimba mifongo, wakayaleta maji kutoka mitoni kule juu, mwendo mrefu, mpaka vihambani. Chanzo cha mfongo kiko mbali, na watu wa chini waweza kukaa siku nyingi wasikione. Walioitwa kwenda kuondoa mawe na matope chanzoni walifanya kazi mbele ya macho ya msitu tu. Aliye chini alifungua maji katika migomba yake, akasema, maji yamekuja. Hakusema, fulani amefanya kazi. Basi maisha yetu yote yasimama juu ya watu wa namna hii: aliyeshona mshono wa ndani, aliyechemsha vyombo vya hospitali, aliyepiga msasa ukingo ambao mtoto ataushika. Kila mmoja wetu hula kila siku matunda ya kazi asiyoiona wala kuilipia. Atakayesema hana deni la kazi isiyoonekana, hana budi kwanza kurudisha yote aliyoyapokea kwa kazi hiyo, nayo hawezi.

Lakini hapa yatupasa tujihadhari, tusije tukakisifu kila kilichofichwa. Kuficha kuna namna mbili, na macho ya haraka huzichanganya. Twauona mfano wake katika mpingo. Mti huu ni mzito hata huzama majini, na moyo wake ni mweusi wenyewe. Ukisuguliwa vema hung'aa bila kuhitaji rangi yo yote. Lakini hukua polepole mno: yasemwa huchukua miaka 70 hata 100 kufaa kwa kazi. Kwa kuwa ulikatwa sana, marehemu Sebastian Chuwa wa Kibosho, pamoja na Mmarekani James Harris, walianzisha mwaka 1996 kazi ya kuupanda upya, na Chuwa alishughulika nayo pamoja na vijana na wanafunzi wa shule mpaka alipofariki mwaka 2014. Sasa, kwa kuwa mpingo ni ghali, wako wachuuzi wachongao mti mweupe na mwepesi, wakausugua kwa rangi nyeusi ya viatu, wakauza kuwa ni mpingo. Mnunuzi akifika kwake, akakifuta kinyago kwa kitambaa chenye maji, kitambaa hugeuka cheusi, na kinyago hugeuka cheupe.

Watu wa pwani wana methali, Uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kikasha kidogo kilichopambwa, kipendezacho macho, na methali yamwonya mtu asidanganywe na pambo. Sasa mtu aweza kuuliza: Je, rangi ya chini na rangi ya viatu si mamoja? Zote mbili ni kitu kilichotiwa ambacho mnunuzi hakijui. Twajibu, sivyo. Rangi ya chini imefichwa kwa ajili ya kitu chenyewe, kipate kuwa jinsi kinavyoonekana. Rangi ya viatu imetiwa ili kitu kisijulikane kilivyo. Ya kwanza huyapatanisha ya ndani na ya nje. Ya pili huyatenga.

Nasi twaona kuna kipimo chepesi cha kuzipambanua, ambacho hata mtoto aweza kukitumia. Jiulize: mnunuzi akigeuka sasa hivi akaniuliza, umetia nini hapa ndani? je, nitafurahi kumweleza, au nitatafuta maneno? Fundi aliyepaka rangi ya chini hufurahi akiulizwa. Atakionyesha hata kinyago cha pili ambacho hakijamalizika, mnunuzi apate kuona. Fundi wa rangi ya viatu hutazama upande. Kazi ya haki yaweza kuwa haionekani, lakini sikuzote yaweza kuonyeshwa.

Kipimo hiki kina faida nyingine. Zamani rangi za chini zilizosifiwa kuliko zote zilifanywa kwa risasi: risasi nyekundu juu ya chuma cha madaraja na meli, na risasi nyeupe juu ya mbao na vitambaa vya wachoraji. Zilishika vizuri mno. Lakini risasi ni sumu. Iliwadhuru mafundi walioisaga na kuikwangua, na huwadhuru zaidi watoto, kwa kuwa huharibu akili zao zinazokua. Shirika la Afya Duniani lasema hakijulikani kiasi cha risasi kisicho na madhara. Mwaka 1921 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliokaa Geneva ulifanya mapatano ya kuzuia risasi nyeupe katika upakaji wa ndani ya nyumba, na mwaka 1978 Marekani ilikataza rangi ya risasi katika nyumba na vitu vya watoto. Basi fundi wa vitu vidogo na akumbuke ya kuwa simba wake wa kiganjani huenda akaingia kinywani mwa mtoto. Haitoshi kusema, nimepaka rangi ya chini. Yampasa ajue ni rangi gani, asome maandiko ya mkebe, na kama hayasemi neno aulize dukani. Kilichofichwa chaweza kuwa imara na bado kikadhuru. Uimara si wema wote.

Sasa tumefika penye uzito wa jambo hili, nao ni umaskini. Kijana fundi atatuambia: Walimu, maneno yenu ni mazuri, lakini mkebe wa praima wataka fedha, na kungoja kwataka siku. Tuseme mwenzangu asiyengoja humaliza vitatu wakati mimi nimalizapo viwili. Mgeni naye hukata bei mpaka nusu. Ada ya shule ya mtoto haingoji rangi ikauke. Mwanitaka niwe mwaminifu, au mwataka nile?

Hatuthubutu kulidharau swali hili, wala hatupendi kuwa watu wa kumtwisha mwenye njaa mzigo mwingine. Lakini tukilitazama vema, twaona kijana huyu ameitwa kuchagua kati ya njia mbili, kumbe ziko tatu. Hana deni la kununua praima. Deni lake ni kutoahidi kile asichokiweka. Ikiwa hawezi gharama ya rangi ya chini, basi asipake ya juu pia: aukaushe mti, ausugue vema, aupake mafuta kidogo au nta, akauze twiga wa mti mtupu kwa bei yake. Twiga huyo ni maskini, lakini hasemi uongo. Hana ahadi ya madoa yatakayoanguka. Au, ikiwa amekwisha kupaka, na aseme wazi, hiki ni cha bei ndogo, hakina rangi ya chini. Na kile ni cha bei kubwa, kinayo. Wageni wengi watakichukua cha pili wakisikia hivyo, na wasiokichukua wamechagua kwa macho yao. Ukweli hauhitaji mkebe wala brashi, na fundi maskini anao kama tajiri.

Tena si haki kumpa fundi peke yake mzigo wote. Mnunuzi naye ana sehemu yake. Bei ikikatwa, kinachoondoka kwanza ni kile asichokiona. Hawezi kuwaondoa madoa twiga, maana yataonekana kuwa yamepungua. Kwa hiyo huondoka rangi ya chini. Na hapa hatuwasemi wageni tu. Sisi wanakijiji tukimwita mwashi atujengee nyumba, hutoka naye alfajiri mpaka adhuhuri tukibishana bei, na mwisho twafurahi kwamba tumemshinda. Lakini tumemshinda wapi? Dirisha litakuwako, mlango utakuwako, na chokaa ya ukutani itakuwa nyeupe. Saruji ya msingi ndiyo itakayopunguka, kwa kuwa imo ardhini. Basi mtu apiganiaye bei bila kuuliza, ni kazi gani nitakayoiondoa kwa fedha hizi? huyo naye ameshiriki katika udanganyifu, na baadaye hulia kana kwamba yeye ni mdanganywa tu.

Liko neno moja zaidi, nalo ni la kiasi. Mafundi wa vitu vidogo hutuambia ya kuwa rangi ya chini ikiwa nzito huharibu kazi kuliko isipokuwako. Juu ya ukuta wa nyumba unene kidogo hauleti shida. Lakini juu ya simba wa kiganjani, tabaka nene hujaza macho, hufunika manyoya, hufuta mdomo, na mnyama hubaki kama donge la udongo. Kwa hiyo hupaka nyembamba sana, na ikiwa haitoshi hupaka ya pili iliyo nyembamba vile vile. Wala hawapaki wakati hewa imejaa unyevu wa masika, kwani rangi hukawia kukauka, na ile ya kupuliza hufanya ukungu au chembechembe. Kazi ya chini yapaswa kuushika uso, isiufunike.

Neno hili latuhusu sana sisi wazazi na walimu. Tukisema ya kuwa msingi ni jambo kubwa, twaweza kuingia katika kosa la kuumimina msingi bila kipimo. Mtoto huja kwetu na sura yake, amechongwa tayari na mkono ulio bora kuliko wetu. Kazi yetu ni kumpa kitu cha kushika, kusema kweli, kuamka mapema, kumaliza alichoanza, ili mafundisho yatakayokuja baadaye yasiambuke kwake. Lakini tukimrundikia amri juu ya amri mpaka sura yake isionekane tena, tumemfanya donge. Hapo tusijisifu ya kuwa tumeweka msingi imara. Tumeuficha uso ambao msingi uliwekwa kwa ajili yake.

Basi twalijibu swali la vijana wetu hivi. Ndiyo, mtu ana deni la kazi isiyoonekana, kila mara kazi yake ionekanayo inapoisema kuwa iko. Akipaka madoa, amekwisha kukiri rangi ya chini. Akijenga ukuta, amekwisha kukiri msingi. Akijiita mwalimu, amekwisha kukiri saa za kujisomea usiku. Deni hili halina mdai, na kwa hiyo ni jepesi kulikimbia. Lakini ndilo litenganishalo kazi na sura ya kazi. Asiyeweza kulilipa leo ana njia ya heshima, nayo ni kupunguza ahadi yake mpaka ilingane na uwezo wake. Njia hiyo haifungwi kwa maskini, wala haigharimu fedha.

Na kwa wasomaji wetu wasiochonga wala kupaka rangi, twawaachia kazi ndogo ya kufanya juma hili. Kila mmoja na atafute katika shughuli zake mahali palipo na rangi ya chini: katika kuanika kahawa, katika kuosha kibuyu cha maziwa, katika hesabu za chama, katika mshono wa ndani wa nguo, katika ahadi aliyompa mtoto. Akipaona, na ajiulize lile swali la fundi: nikiulizwa nimetia nini hapa ndani, je, nitafurahi kueleza? Akiweza kueleza bila aibu, na aendelee na kazi yake kwa moyo mkunjufu. Na asipoweza, ajue ya kuwa hajachelewa, kwa maana rangi mbaya yaweza kukwanguliwa, na mti ulio chini yake bado ni mzima.